Siri ya kijana aipeleke wapi: simu za bure, skuli, hospitali au mtu wa nyumbani? (Lamu na Malindi)

Naandikia vijana wa miaka 13 mpaka 19 hivi, na pia mama zao na ami zao wanaowapenda, manake swali hili halikomi: mtoto ana jambo zito, hataki watu wa nyumbani wajue, aende wapi? Na majibu watu wanayotoa ni ya haraka mno, ati piga 116, ati mwambie mwalimu, ati enda hospitali, kama kwamba hizo zote ni sawa na ukichagua yoyote imetosha. Si sawa hata kidogo. Kila moja ina pahali inapokufaa na pahali inapokuangusha.

Mi naona huku kwetu siri haivujii ndani ya chumba cha daktari, yavujia njiani. Manesi wengi wajua kunyamaza. Lakini wewe ni msichana wa Langoni hapa Lamu, umetoka saa tatu asubuhi kwenda hospitali peke yako, umepita kwa mwenye duka, umepita wazee wamekaa barazani, umepishana na punda wawili na mwenye punda akujua mpaka babu yako, na kila mmoja akuuliza "waenda wapi mwanangu, nani mgonjwa?" Ukifika hospitali umeshaulizwa mara nne na bado hujamuona daktari. Malindi kuna nafuu kidogo kwa sababu mji ni mkubwa na tuktuk yakuficha, lakini ukiwa mtoto wa Majengo au Barani nako ni vivyo hivyo, benchi la hospitali halikosi jirani.

Kwa hivyo mi huduma nazipima kwa mambo manne tu. Nani ataniona nikienda? Huyu ninayemwambia analazimika kumwambia mwengine? Anaweza kunifanyia nini hasa zaidi ya kunisikiliza? Na je, jambo langu laweza kungoja, ama saa zinakimbia?

Tuanze na simu

Namba fupi ziko kadhaa na watu wanazichanganya. 116 ni ya watoto, yaani yeyote chini ya miaka 18, inaendeshwa na Childline Kenya wakishirikiana na idara ya serikali ya huduma za watoto, usiku na mchana, na haikati kredi hata shilingi. 1190 ni ya vijana, wanaiita One2One, iko chini ya shirika la afya la LVCT Health, nayo pia ni bure, na hio ndo ya kuuliza mambo ya HIV, mimba, magonjwa ya zinaa, mapenzi na mwili unavyobadilika. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, kupigwa, kubakwa, kulazimishwa. 1192 ni ya NACADA, mambo ya mihadarati na pombe. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, hao wana watu wa kukusikiliza ukiwa umezidiwa na mawazo. Alafu kuna Befrienders Kenya, 0722 178 177, hawa kazi yao hasa ni mtu aliyefika pahali anafikiria kujitoa uhai, ila hio ni namba ya kawaida kwa hivyo yataka kredi.

Sasa kati ya 116 na 1190 mtoto achague ipi? Kama una miaka 15 na unataka kuuliza swali ambalo ungeona haya kulitamka mbele ya mtu mzima, mfano hedhi imechelewa, ama umeona kitu sehemu za siri, ama mpenzi anakusukuma mfanye jambo hutaki, piga 1190. Maswali hayo wanayasikia kutwa kucha, hawatashtuka. Lakini kama kuna mtu mzima anakuumiza, iwe nyumbani, kwa jirani, madrasa au skuli, 116 ina nguvu zaidi kwa sababu ina mkono ndani ya serikali, yaweza kumfikia afisa wa watoto wa kaunti yako.

Na hapo ndo pa kufikiria vizuri, manake nguvu hio hio ndo inayowatisha wengi. Ukisema mtu fulani ananidhulumu na ukataja jina na mtaa, hawatakaa na hilo neno tu, watataka ulindwe, na ulinzi waweza kumaanisha mtu kuja kubisha mlango. Mi sioni hilo kuwa baya, naona ni jema sana, lakini ni haki ya mtoto kujua kabla ya kufungua mdomo. Kwa hivyo ukipiga anza hivi: "Nina miaka 15, niko kaunti ya Lamu, jina langu sitasema kwanza. Nataka kujua, nikikwambia jambo hili utamwambia nani?" Hilo swali la mwisho muulize yeyote, kaunsela, mwalimu, nesi, yeyote yule. Anayejua kazi yake atakujibu wazi wazi: haya yatabaki kati yetu, haya siwezi kuyanyamazia. Akibabaika, ama akikwambia "we sema tu usijali", nenda polepole. Na kijiji usikitaje mapema kama watoka pahali padogo kama Kizingitini au Matondoni, umri na kijiji pamoja vyatosha kukujulisha.

Udhaifu wa simu ni kuwa haina mikono. Haiwezi kukupima, haiwezi kukupa dawa, haiwezi kukaa na wewe. Na udhaifu wa pili ni simu yenyewe ni ya nani. Ikiwa ni ya mama, futa namba kwenye orodha ya simu zilizopigwa ukishamaliza. Ikiwa ni kabambe, ile simu ndogo ya kubonyeza, usichukulie kuwa haiweki orodha, yaweka. Alafu pahali pa kupigia. Nyumba za mawe za Lamu ukisema chumbani, kiwandani, yaani uani, wanasikia, na darini ndo kabisa, sauti yaruka mpaka kwa jirani. Bora utoke, uende upande wa mashamba ama pahali pa upepo ufukweni saa ambayo watu ni wachache, na uwe na sababu ya kutoka. Kama ni mtoto wa bweni, hapo simu hutaishika mpaka likizo, kwa hivyo kwako wewe mwalimu atakuwa na uzito zaidi.

Jambo moja kuhusu mitandao, nalipita haraka. Kumuandikia mtu unayemfuata TikTok au kuuliza kwenye grupu la WhatsApp hakuwezi kuwekwa mizani moja na hizi simu. Hakuna aliyekula kiapo, na picha ya skrini haifutiki. Soma huko ukitaka, lakini jambo lako na jina lako usiliache huko.

Mwalimu wa ushauri skuli

Huyu ana kitu simu haina, anakuona kila siku. Ajua umeanza kukaa nyuma, ajua umekonda, aweza kuongea na mkuu wa skuli leo leo. Kwa mambo ya skuli yenyewe simuoni anayemshinda: unaonewa na wenzako, karo imekwama, umeshindwa na masomo kwa sababu nyumbani hakukaliki, ama umepata mimba na unataka kujua kama utarudi darasani. Hilo la mimba watu wengi bado hawajui, wanafikiri msichana ndo ameshafukuzwa. Sera ya kurudi skuli baada ya kujifungua iko tangu 1994, na mwaka 2020 serikali ikatoa mwongozo mpya ulioieleza vizuri zaidi. Mwalimu anayeijua hio sera atakupigania, na simu haiwezi kwenda ofisini kwa mkuu wa skuli kukusemea.

Lakini huyo huyo ndo anayekufundisha hesabu, anayekuadhibu, anayekunywa chai ofisini na walimu kumi wengine, na jioni anaswali safu moja na babako. Si kila mwalimu anayefunga mdomo. Nshaona jambo la mtoto likisemwa paredi asubuhi bila jina, lakini kwa maelezo ambayo kila mtu alijua ni nani, na yule mtoto hakurudi wiki nzima. Na kuna sheria pia: TSC, ile tume ya kuajiri walimu, walitoa waraka namba 3 wa mwaka 2010 kuwa mwalimu akijua au akishuku mwanafunzi ananajisiwa lazima aripoti ndani ya saa 24, asipofanya hivyo yeye mwenyewe yuko hatarini. Kwa hivyo usimwambie mwalimu ukidhani litabaki kwake. Halitabaki, na halifai kubaki.

Kwa hivyo mi ningesema hivi: mambo ya skuli, mwalimu. Mambo ya mwili, mwengine. Mambo ya dhuluma, mwalimu sawa lakini uwe umeamua kuwa unataka lijulikane.

Hospitali na duka la dawa

Hapa ndo nataka tukae kidogo, manake hapa ndo vijana wengi wanapochagua vibaya, wanakimbilia duka la dawa kwa sababu hakuna foleni, hakuna kadi, hakuna maswali. Na ni kweli, dakika mbili umemaliza. Wavulana hasa. Akiona usaha ama anasikia moto akikojoa, anamtuma rafiki anunue vidonge, anapewa nusu dozi, anapata nafuu, ugonjwa unabaki ndani na msichana wake naye anao wala hajui. Msichana naye ananunua P2, na P2 yasaidia kuzuia mimba ukiimeza mapema, kadri unavyochelewa ndo nguvu inapungua, lakini haizuii HIV wala ugonjwa wowote wa zinaa, na muuzaji hatakwambia hilo kama hujamuuliza. Muuzaji wa dukani pia hakukuandika popote, sawa, lakini huyo mara nyingi ni mtu wa mtaa wenu.

Hospitali ya serikali, iwe King Fahd Lamu, ama Faza, Mpeketoni, ama ile ya Malindi, itakupima kweli na kukutibu kweli. Kupimwa HIV, mwongozo wa Kenya wasema ukiwa na miaka 15 na zaidi waweza kukubali mwenyewe bila mzazi. Chini ya hapo mzazi au mlezi anahitajika, isipokuwa kama wewe mwenyewe ni mjamzito, ama umeolewa, ama una mtoto, ama maisha yako yamekuweka kwenye hatari. Kuna pia kile kipimo cha kujipima mwenyewe cha dukani, kiko Kenya tangu 2017, na kwa mtu anayeogopa benchi ni mwanzo mzuri, ila kikionyesha unayo lazima ukapimwe tena hospitali kabla hujaamini.

Tatizo la hospitali ni lile benchi nililosema. Yapunguzwa hivi. Usiende asubuhi, asubuhi ndo kuna kina mama wa kliniki na wazee wa presha na mji mzima, enda mchana mchana. Dirishani kwa kadi si lazima ueleze shida yako, sema nataka kumuona daktari, inatosha, maelezo yangoje mlango ufungwe. Uliza kama kuna huduma za vijana, pahali pengine wana chumba chao au siku yao. Mtoto wa Malindi aweza kupanda matatu akaenda Gede au Kilifi ambako hajulikani. Wa Lamu kisiwani ni vigumu zaidi kwa sababu hata kuvuka kwenda Mokowe lazima ushuke jeti na jetini ndo wote wanapokaa. Huyo bora apige 1190 kwanza, aulize ni nini hasa anahitaji, alafu aende mara moja tu akijua anachokwenda kutaka.

Lakini kuna jambo moja ambalo haliangalii benchi wala jirani. Umebakwa, ama umelazimishwa, msichana au mvulana, enda hospitali leo, usingoje kesho. Dawa ya kuzuia HIV baada ya tukio, ile PEP, yaanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndo bora, alafu yamezwa siku 28. Usioge, usifue nguo, zitie kwenye karatasi au bahasha wala si mfuko wa plastiki. Si lazima upite polisi kwanza ndo utibiwe, matibabu ni kwanza, na kwenye hospitali za serikali matibabu hayo ni bure. Watakujazia fomu ya matibabu ya aliyebakwa, ile P3 ya polisi itafuata baadaye na nayo hailipiwi. Njiani ukiwa na simu piga 1195 wakuelekeze. Kati ya siri na hizo saa 72, chagua saa.

Mtu wa nyumbani

Hapa Pwani msichana alikuwa na somo wake, mwanamke mzima wa kumfundisha mambo ya utu uzima, na nyumba nyingi bado zinaye. Mi namheshimu sana huyu. Hakuna foleni, hakuna anayeshuku ukiingia kwake, ajua mwili wa mwanamke kuliko vijana wengi wa kliniki, na heshima yake mjini ni ule mdomo wake kufunga. Kwa haya ya kwanza, hedhi, usafi, hofu za ndoa, maumivu ambayo hujui kama ni ya kawaida, somo au shangazi au halati, yaani mama mdogo, ninamtanguliza mbele ya simu zote.

Lakini jambo likiwa limefanywa na mtu wa ukoo, hapo naogopa. Manake hapo ndo yaja mambo ya "tuyamalize nyumbani", wazee wanakaa, maslaha yanafanywa, pengine pesa yapita mkono, na mtoto anabaki chumba cha pili na yule yule aliyemdhulumu. Kwa sheria ya Kenya, tangu ile ya makosa ya kingono ya 2006, aliye chini ya miaka 18 hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali, na jambo hilo si la wazee kulimaliza. Ukimwambia shangazi na akakwambia nyamaza tutalimaliza, mpende shangazi yako, alafu upige 116.

Wavulana ndo naowahurumia hapa. Msichana ana somo, mvulana ana nani? Ana ami, ana mjomba, ana ustadh wa madrasa au mchungaji, na wengi hawa wakisikia neno "nina mawazo" watamwambia aswali, awe mwanamume. Kuswali ni kuzuri, na ustadh mwema aweza kupatanisha mtoto na babake kuliko kaunsela yeyote, hilo nimelishuhudia. Kwa msiba, ugomvi wa nyumbani, dhamiri inayomsumbua, mpeleke kwake. Ila mvulana asiyelala, asiyekula, anayesema ni bora angekufa, huyo ustadh amshike mkono na simu ipigwe pia, Befrienders au 1199. Kuna wanaoogopa kusema kwa sababu zamani kujaribu kujiua ilikuwa kesi, watu walikuwa wakishtakiwa kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na katiba. Kwa hivyo sema usiogope, hukuomba kufungwa umeomba msaada.

Na unga, yaani heroini. Lamu na Malindi zote zimezika vijana kwa unga, hakuna asiyejua. Mtoto aliyeanza na bangi au mugoka, yale majani ya miraa, bado simu ya 1192 yatosha kuanzia, ni siri, yampa mtu wa kuongea naye asiyemjua. Lakini aliyefika pahali pa arosto, akikosa anatetemeka na kutapika, huyo haachi kwa mawaidha wala kwa kufungiwa chumbani, ataka watu wa kazi hio. Malindi wako na Omari Project waliofanya kazi hii tangu miaka ya tisini, na Malindi kwa hili imeizidi Lamu sana. Wa Lamu ajue kuwa safari ya barabara yaweza kuwa sehemu ya matibabu, na kuwa mbali na marafiki zake wa kuvuta si hasara.

Polisi, afisa wa watoto, chifu

Dawati la jinsia la polisi na afisa wa watoto si pahali pa kupeleka siri, ni pahali pa kupeleka jambo ambalo umeamua lisiwe siri tena. Ukiwachukulia hivyo hawatakuvunja moyo. Kati yao wawili, mtoto aanze na afisa wa watoto, manake yeye ndo anayeweza kukuombea pahali pa kulala ikiwa nyumbani si salama, alafu polisi mwende pamoja. Usiende peke yako dawatini kama unaweza, enda na mtu mzima unayemwamini akae kando yako mpaka maelezo yaandikwe na uyasome kabla ya kutia sahihi. Chifu simweki kwenye orodha ya siri kabisa, hata akiwa mtu mzuri, ofisi yake ni baraza.

Sasa nyinyi wazazi. Siku utakayokuta 116 au 1190 kwenye simu yako na hukupiga wewe, najua moyo utakupasuka. Usimwite mtoto mbele ya ndugu zake. Usimuulize "ulimwambia nani mambo ya nyumba yangu", wala usiipige hio namba kuuliza alisema nini, hawatakwambia na hawafai kukwambia. Ngoja mkiwa wawili, mwambie umeona na hujakasirika, muulize kama kuna pahali angetaka mwende pamoja, hospitali, kwa afisa, kwa halati yake, popote. Akisema hapana, kubali hapana hio ya leo, na simu muwachie.